Ngumi Tatu Begani mwa Kondoo wa Haji Maati

Katika nyanda zote za Tadla hakukuwa na mchunaji wa kondoo aliyemfikia Buazza. Alitoboa ngozi kidogo tu juu ya kwato ya nyuma, akaweka mdomo, akapuliza mpaka mnyama akavimba, kisha kisu akakiweka kando. Kazi iliyobaki ilikuwa ya ngumi. Aliisukuma kati ya ngozi na nyama, polepole, na ngozi ikavuka nzima kama shati. Kisu ni cha wavivu, alikuwa akisema. Kikiteleza kimeharibu ngozi na nyama kwa mpigo mmoja.

Hayo yalikuwa kabla Haji Maati hajamharibia jina.

Maati alikuwa muuza nyama mkubwa, mwenye bucha mbili na sauti ya bucha kumi. Mwaka ule alileta machinjioni kondoo watatu wa harusi ya Mzee Jilali, akawashusha garini mwenyewe kwa kuwavuta manyoya ya mgongo. Hata mtoto wa mchungaji anajua kondoo havutwi manyoya. Damu huvilia chini ya ngozi, na huioni mpaka ngozi itoke. Zilipotoka, migongo yote mitatu ilikuwa myeusi. Mkaguzi wa machinjio akaikata nyama ya mgongo, akaitupa, na harusi ya watu ikala nusu shibe.

Maati alijua kosa ni la nani. Akamnyooshea Buazza kidole mbele ya kadamnasi.

"Ngumi za huyu punda ndizo zimeniharibia nyama! Anachuna kama anapigana na mkewe!"

Watu wakacheka. Mkaguzi naye alijua, lakini alikuwa mtu wa kula kwa Maati, na mdomo uliojaa hausemi. Maati akakichukua kisu cha Buazza, alichorithi kwa baba yake, akakitupa kwenye mtaro wa damu. Kesho yake Buazza alikuta mlango wa machinjio umefungwa kwake.

Miaka saba akawa mbeba ngozi mbichi, ngozi zilizochunwa na watu wengine, zilizojaa matobo ya visu vyao. Mtaani wakambandika jina la Bondia. Sikukuu ya Kuchinja ikifika, kila nyumba ikimlilia mchunaji, mlango wake haukubishwa. Tusimsingizie wema: Buazza hakusamehe hata siku moja. Alimchukia Maati asubuhi akinywa chai na jioni akivua viatu, na chuki ile ilimnenepesha kuliko mkate.

Mwaka huu, siku mbili kabla ya sikukuu, alikuwa amesimama mlangoni kwake Maati alipoleta kondoo dume mweupe, mwenye manyoya meusi kuzunguka macho kama miwani, mkubwa kama ndama. Mtaa mzima ulitoka kutazama. Maati, kwa kutaka sifa, akamkamata manyoya ya mgongo kwa mikono miwili, akamnyanyua, akamshusha. Watu wakashangilia. Buazza aliingia ndani akicheka peke yake.

Asubuhi ya sikukuu mlango ukabishwa. Alikuwa Maati, jasho linamtoka.

"Idi njema, Buazza."

"Na kwako, Haji. Umepotea njia?"

"Acha utani, ndugu yangu. Vijana wangu wote wameenda kwao, na mchunaji aliyeniahidi hajatokea. Nimeshachinja. Mzee Jilali yuko uani na mwanawe anayemposa binti yangu, wanangoja ini la kufungulia sikukuu."

"Bondia hachuni kondoo!" alipayuka Rqia, mkewe Buazza, toka jikoni. Kisha akamvuta mumewe pembeni. "Nenda. Itoboe nyongo. Wale ini chungu, wasisahau."

"Nyongo ya nini, mke wangu? Mimi nina kitamu zaidi."

Uani kondoo alikuwa amelala, damu imeshakauka shingoni. Buazza akakunja mikono.

"Amekata roho? Mmeona wote?"

"Tumeona," akasema Jilali.

Buazza akamtandika kondoo ngumi tatu za bega la kulia, kwa nguvu za miaka saba. Jilali akaruka kitini.

"We bwana una wazimu?"

"Subiri, mzee wangu. Hizi ngumi zina kesi."

Akapuliza, akasukuma ngumi, ngozi ikaanza kuachia. Ilipofika kiunoni Maati akaelewa. Uso ukamsawajika.

"Inatosha, Buazza. Nitamalizia."

"Fundi hakatizwi, Haji."

Ngozi ikaanguka chini bila tobo hata moja. Bega lililopigwa lilikuwa jeupe, safi. Mgongoni kulikuwa na mabaka mawili meusi.

"Mfu havilii damu, Mzee Jilali," Buazza akasema. "Mpige mpaka kesho, hupati alama. Anayevilia ni aliye hai. Haji, lete mkono."

Akaukamata mkono wa Maati, akaukandamiza juu ya baka. Ukaenea, kidole kwa kidole.

Jilali akainama kutazama. "Kwa hiyo ile nyama ya harusi yangu..."

Buazza akajifuta mikono, akaelekea mlangoni.

"Na matumbo je? Jua linapanda!" Maati akamwitia.

"Toa mwenyewe, Haji. Si wewe unayejua nani anaharibu nyama?"

Maati hakuwa ametoa matumbo miaka mingi, akakata kwa pupa. Nyongo ikapasuka juu ya ini, likageuka kijani mbele ya wakwe. Kutesa kwa zamu.

Nyumbani Rqia alikuwa ameshalifunga kwa mafuta ya tumbo ini la kondoo wao, waliyemchinja mapema, analichoma juu ya makaa.

"Nyongo umeitoboa?"

"Sikuigusa."

"Mbona unacheka hivyo?"

Kabla hajajibu, mlango ukabishwa. Alikuwa Jilali, kofia mkononi, nyuma yake mwanawe ameinamisha kichwa.

"Fundi Buazza, kwangu hatujachinja bado. Tafadhali, twende."

Ilikuwa miaka saba tangu aitwe fundi. Buazza akachukua kipande cha ini, akakitia chumvi na bizari, akatafuna taratibu.

"Nakula, mzee. Ulipoambiwa ngumi zangu ndizo zilizoharibu, hukuja kuniuliza. Leo utaningoja nishibe."

Jilali akakaa kizingitini, akangoja.