Sabufa Yangu Inaalikwa Nyumbani, Mimi Naisindikiza Mpaka Kisarawe

Admin, nifiche jina, ila usinifiche sana, maana hapa Maili Moja, Kibaha, nikipiga chafya tu watu wanajua ni nani. Mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na mbili, nauza spea za pikipiki, na kama kuna binadamu aliyezaliwa na bahati ya watu basi ni mimi. Kwetu ni Maneromango, na kule hakuna shughuli inayofanyika bila mimi. Iwe harusi, iwe kipaimara, napigiwa simu kwanza ndipo mambo mengine yapangwe. Shule niliishia la saba, na hilo la saba lenyewe tulisukumana, ila dunia nimeisoma. Nimekuwa utingo wa lori mpaka Lubumbashi, nimekula viwavi nikaomba niongezewe.

Mke sina. Nilikuwa naye, akaenda kwao Singida kusalimia, salamu hazijaisha mwaka wa sita huu.

Cha maana ninachomiliki ni sabufa. Niliinunua Kariakoo, ya bei ya chini, jina lake linafanana na la kampuni kubwa ila kuna herufi imezidi. Boksi moja la besi na spika mbili ndogo, basi. Lakini hiyo besi! Nikiweka filamu ya vita, vikombe vinatembea kabatini. Ukiiwasha, kuna sauti ya mwanamke inakukaribisha kwa Kiingereza. Mimi namjibu, "Pole na wewe kwa kushinda nyumbani." Chekeni tu, hata mimi nacheka. Ila ndiye anayenipokea nikitoka dukani.

Sasa sikilizeni. Miaka mitatu nyuma, mdogo wangu wa kike alifanya kipaimara cha mtoto wake wa kwanza. Nikaenda na sabufa, nikaifunga mwenyewe, maiki nikashika mwenyewe. Watu wakacheka, na mimi nikichekewa huwa sijui kushuka. Nikamgeukia shemeji, mume wa mdogo wangu, mbele ya wazazi wake na wazee wa kanisa. Nikasema, "Huyu mnayemuona amekaa kiti cha mbele, siku anakuja kuposa kwetu alivaa viatu vyangu! Nilimwazima mimi!" Uwanja mzima ukalala kwa kicheko. Baba yake shemeji akainuka kutaka kusema neno, nikapandisha muziki. Sikufanya makusudi, nilidhani anataka kucheza.

Na viatu sikumwazima. Niliongeza chumvi tu, shughuli ichangamke.

Tangu siku ile mdogo wangu akipiga simu maneno ni yaleyale. "Shikamoo kaka. Kuna kashughuli huku, tunaomba sabufa. Ipandishe kwenye gari, usijisumbue kuja." Na mimi naifunga kwa kanga, naibeba mpaka Kisarawe mjini, namkabidhi konda wa gari la Maneromango, namwambia aishike kama mtoto mchanga. Gari linaondoka, mimi nageuka narudi Kibaha.

Mara ya mwisho mdogo wangu aliniambia ni shukrani. Sikuuliza shukrani ya nini. Jumapili ile mchana nikawa nimekaa chumbani, kimya, mpaka friji la jirani nalisikia linavyonguruma. Ikaingia video kwenye grupu la familia. Nikaiona sabufa yangu, wameifunika kitambaa cheupe, juu wameweka maua. Mama yangu anacheza mbele yake huku ameshika fimbo. Mshereheshaji anasema, "Tumshukuru Mungu aliyemtoa mama yetu hospitali, wiki mbili kitandani si mchezo!"

Wiki mbili. Mimi mtoto wake wa kwanza sikujua. Nilipompigia mama akaniambia, "Mdogo wako alisema tusikusumbue mwanangu. Lakini redio yako imelia vizuri, ubarikiwe."

Nikampigia mdogo wangu kwa hasira. "Yaani mama analazwa mimi sijui? Mimi ni nani kwenu?"

Akasema, "Kaka, nisamehe kwa hilo la mama, nilikosea. Lakini tungekwambia, ungekuja ukageuza wodi kuwa ukumbi. Sabufa yako ina kitufe cha kupunguza sauti. Wewe huna. Mume wangu, Baba Neema, mpaka leo huko sokoni wanamwita Viatu vya Shemeji. Unajua hilo?"

Sikujua.

Jumapili hii inayokuja ni kipaimara cha Neema, mtoto wao wa pili. Juzi Neema mwenyewe alinipigia. "Shikamoo mjomba!" Moyo ukaruka, nikajua sasa naalikwa. Akasema, "Mjomba, safari hii usisahau rimoti. Mara ya mwisho walihangaika." Nikamwambia, "Sisahau mama, rimoti na betri mpya." Akashukuru, akakata.

Shati nimeshapiga pasi, sijui kwa nini. Nataka kupanda lile gari na boksi langu mapajani, nikamwombe shemeji msamaha mbele ya watu walewale waliocheka, niseme viatu vilikuwa vyake. Lakini naogopa nikishaishika ile maiki nitajisahau, niharibu na siku ya Neema. Na nikiikabidhi tena kwa konda nikarudi, nahisi ndiyo basi, mama atakuja kuzikwa na mimi nione kwenye video.

Ninyi wenye familia zinazowaita, nipeni akili: niende, au niitume peke yake?

Na nilivyosema pale mwanzo, kwamba nyumbani hakuna kinachofanyika bila mimi, nimewadanganya. Maneromango sijakanyaga mwaka wa tatu sasa. Hawaniiti.