Dawa Aliyoimwaga Ndunge

Kwa miaka thelathini na moja Ndunge amepokea maziwa ya wakulima kwenye kituo cha maziwa cha Kangundo, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyefanikiwa kumbembeleza. Anafungua mtungi, anainama, ananusa, basi. Kile kipimo cha kioo kinachoelea hukitumbukiza baadaye kwa sababu kanuni zinasema hivyo. Yeye huwa ameshajua. Maziwa yaliyotiwa maji anayajua. Ya ng'ombe mgonjwa anayajua. Lakini anachokichukia kuliko vyote ni fomalini, ile dawa ya kuhifadhi maiti, ambayo wachuuzi wasio na haya hudondoshea maziwa ili yasichache njiani.

"Hii iko na dawa ya maiti," husema, akiusukuma mtungi kando. "Rudisha. Peleka kwenu mkunywe wenyewe."

"Aiya, mwaitu, mama yangu! Hii ni ya leo asubuhi."

"Asubuhi ya mwaka gani?"

Watu walinung'unika, lakini watoto wao walikunywa maziwa safi. Ndunge alijivunia jambo hilo kuliko kitu chochote maishani mwake, ukimtoa Makau.

Makau ni mumewe, fundi wa kujenga matangi ya maji, mtu mkimya mwenye mikono mipana. Mwaka jana alianza kubakisha muthokoi, mahindi yake ya kukobolewa, kwenye sahani, yeye ambaye zamani alikuwa akiikwangua sufuria. Alisema ni vidonda vya tumbo, akawa anatafuna vidonge vya dukani huku mkanda ukizidi kuongezwa matundu. Ndunge alipochoka kubishana, alimburura hadi hospitali moja mjini Machakos. Huko akamezeshwa mpira wenye kamera. Alitoka macho yamevimba, koo limechubuka, akamwapia mkewe.

"Mama Kyalo, hiyo kitu hairudi kwa koo yangu. Heri nife."

Vipande vidogo vilivyokatwa tumboni mwake vilitiwa kwenye chupa yenye maji maangavu. Daktari Nzilani, mwanamke mpole asiyependa kuzungukazunguka, aliwaeleza kwamba anashuku kansa, na kwamba kansa za tumbo hazifanani. Nyingine chembe zake zimejaa protini moja inayoitwa HER2. Zikiwa nayo, iko dawa inayoishika hiyo protini na kuipunguzia kansa kasi. Zisipokuwa nayo, dawa hiyo ni kazi bure.

"Hizo vipande ndizo zitatuambia," alisema.

Ilikuwa Ijumaa, na maabara ya Nairobi ingepokea chupa Jumatatu. Nesi aitwaye Justus alimkabidhi Ndunge aipeleke mwenyewe. "Mama, chunga isimwagike," akasema, kisha akaitwa wodini, akakimbia.

Jumamosi asubuhi Ndunge alifungua leso aliyofungia chupa, akaona kifuniko kimelegea. Alipotaka kukikaza, harufu ikampanda puani. Alijua mara moja. Ni ile ile aliyoifukuza kituoni miaka nenda miaka rudi. Alisimama jikoni, chupa mkononi. Dawa ya maiti juu ya nyama ya mume wake, na mume mwenyewe yuko uani anaota jua! Aliona hospitali imemdanganya, na zaidi ya hapo, imemtukana. Walikuwa wameshamhesabu mtu wake kati ya wafu.

Hakumwambia mtu. Alichemsha maji, akayapoza, akaenda kuimwaga ile dawa nyuma ya choo. Alivisuuza vipande mara tatu, polepole, kwa uangalifu ambao hata mitungi yake hakuwahi kuupata. Akavirudisha ndani ya maji safi, akaizungushia chupa barafu ya kituoni. Jumatatu aliifikisha Nairobi bila tone kumwagika, akarudi nyumbani ameridhika na kazi yake.

Baada ya wiki mbili waliitwa. Ni kansa, daktari alisema, hilo halina shaka. Lakini kipimo cha protini hakikusomeka, kwa sababu vipande vilianza kuoza kabla ya kufika.

"Fomalini ndiyo hushika nyama isioze," alieleza. "Maji pekee haiwezi. Naona Justus aliwapatia chupa haina dawa. Nitamwita nimuulize. Lakini Mzee, itabidi turudie."

 Ndunge aliitazama kalenda ukutani. Mwanamke aliyewafokea watu wazima hadharani kwa sababu ya tone moja alikaa pale kimya, akaacha kosa lake limwendee Justus, mtoto wa mwenzake.

Makau alikuwa ameshainuka. "Wameharibu wenyewe, halafu nimezeshwe tena? Sirudi hapa." Akatoka, na hakuna aliyemzuia.

Nyumbani hakutaka kulisikia jambo hilo. Siku tatu Ndunge alizunguka na neno lake kifuani. Alijua vizuri kwamba mumewe anakataa kwa sababu ya hasira, na kwamba hasira hiyo imeelekezwa kwa watu wasio na hatia. Akinyamaza, ataiacha ile dawa ya HER2 ipite bila Makau kujua kama ingemfaa. Siku ya nne alipokea mitungi sita bila kunusa hata mmoja. Mkulima aitwaye Ndunda alimuuliza kama ana mafua. Ndunge aliacha mitungi pale pale, akampigia daktari simu, kisha akaenda nyumbani mchana kweupe na aproni yake.

Makau alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na zizi.

"Baba Kyalo, ile chupa ni mimi."

"Chupa gani?"

"Justus hakukosea. Ilikuwa na dawa. Mimi ndiyo nilimwaga nikaweka maji. Ilikuwa inanuka maiti, nikakataa."

Makau aligeuka kwenye kigoda. "Ulikataa nini?"

"Nilikataa ukuwe maiti." Hapo akalia kwa kelele, na ng'ombe akageuka kutazama.

Makau hakumgombeza. Ingekuwa nafuu kama angemgombeza. Alijipangusa magoti, akauliza, "Daktari umemwambia?"

"Nimemwambia leo. Nimesema amwachilie Justus."

"Basi nitameza," akasema. "Lakini utanishika mkono."

Alimshika. Safari hii chupa ilifika Nairobi siku hiyo hiyo, na dawa yake yote, ikimwasha Ndunge macho njia nzima. Aliinusa kila mara kuhakikisha kwamba bado inanuka.

Majibu yalipokuja, Daktari Nzilani alikivuta kiti chake karibu nao.

"Haipo," alisema. "Tumeangalia vizuri. Hiyo protini haipo kabisa. Tutaanza kemo ya kawaida. Itasaidia kidogo, labda miezi, labda mwaka. Sitawadanganya."

Ndunge alikuwa na swali moja tu, na lilimtoka kabla hajalipima. "Na hizo wiki nilipoteza? Kama singemwaga?"

"Kwa upande wa hiyo dawa, Mama, haingebadilisha kitu. Protini haikuwako tangu mwanzo."

Pumzi ikamtoka ndefu. Hakuwa amemuua. Akajikuta anamshukuru Mungu kimoyomoyo. Kisha akaelewa anashukuru nini.

Makau alikuwa amemgeukia. Aliyetoka kuambiwa miezi ni yeye, lakini uso wake ulikuwa umelainika, karibu kutabasamu.

"Umesikia, Mama Kyalo?" alimwambia, akiushika mkono wake. "Si wewe."

Ndunge alishindwa kumtazama. Angeibeba lawama yote hadi kaburini kwake, bila kulalamika, mradi tu ile protini ingekuwapo.