Mama aligoma kutamka jina Faris, mpaka mchungaji alipotaja parash

Wakuu, poleni na mihangaiko. Hii sio chai, mhusika mwenyewe ndio anaandika, nipo Mkonze hapa Dodoma.

Mimi Mgogo wa Mlali, Mkristo. Wife, Zuhura, ni Mrangi wa Kondoa, Muislamu. Tulifunga ndoa bomani, kila mtu akabaki na dini yake.

Shida ikaja kwenye jina la mtoto wetu wa kwanza. Zuhura alimwita Faris, jina la kaka yake aliyetangulia mbele za haki. Nikakubali bila ubishi. Marehemu alikuwa shemeji na nusu.

Mama akaja kutoka Mlali kumhudumia mzazi. Uji anapika, nepi anafua, mtoto anaogesha. Ila jina hatamki, eti ni la Kiislamu.

"Huyu amelala?" "Huyu ameshiba?"

Miezi ikapita hivyo. Siku moja nikamkuta Zuhura jikoni analia, anasema anarudi kwao na mtoto wake. Wakuu, niliumia.

Jumamosi Mama akamwita mchungaji aje atuonye. (Mnaosema wamama wa kijijini hawana mikakati, karibuni kwangu.)

Kumbe mchungaji alisoma Kiebrania chuoni. Kusikia jina tu, akatabasamu.

"Mama, kwenye Agano la Kale mpanda farasi ni parash. Wakiwa wengi, parashim. Kiebrania na Kiarabu ni ndugu, P ya huku ndiyo F ya kule. Faris naye ni mpanda farasi."

"Kwa hiyo limo kwenye Maandiko?"

"Lenyewe halimo, mama. Ndugu yake ndiye yumo. Na kuna mahali parash ni farasi mwenyewe. Herufi ni zile zile, unaangalia sentensi."

Nikasema moyoni, mchungaji, si ungeishia pale kwa mpanda farasi!

Mtoto akaanza kulia mikononi mwa Zuhura. Shingo yake ilishakaza, mgongoni anabebeka. Mama akafungua kanga kiunoni, akainama.

"Mlete Faris huku. Yeye apande, farasi nitakuwa mimi."

Zuhura akamfunga mtoto mgongoni kwa Mama huku machozi yanamtoka. Mimi nikajifanya namsindikiza mchungaji.

Nilichojifunza: mtu akigoma, usimsukume sana. Pengine anatafuta tu pa kupitia.

Mliooa dini tofauti, jina mlimalizana vipi? Na waliosoma Kiebrania nirekebisheni, ila Mama yangu msimguse, amebeba mjukuu.