Ulichagua Mwenyewe

Mwezi uliopita niliitwa kwenye mkutano wa wazazi katika shule ya binti yangu hapa Isiolo, nikarudi nyumbani na hasira hata nikaunguza maziwa. Mwalimu mmoja, kijana, alisimama mbele yetu akasema kwamba mtoto wa siku hizi lazima ajue kazi yake mapema, kabla hata ya kuingia sekondari, ili asipoteze wakati. Wazazi wakapiga makofi. Kisha akamwita binti yangu, ambaye bado anaandika herufi S ikiwa imegeukia upande wa pili, akamwuliza, "Wewe ukiwa mkubwa utakuwa nani?"

Binti yangu akafikiri. "Ngamia," akasema.

Watu walicheka sana. Mimi nikasimama.

"Mwalimu, na akichagua vibaya, nani atamrudisha?"

"Mama, keti kwanza. Wakati wa maswali utafika."

Haukufika. Soda zililetwa, mwenyekiti akafunga mkutano kwa dua, watu wakaenda zao. Basi niliyotaka kuyasema siku hiyo nayaandika hapa.

Katikati ya miaka ya sabini nilikuwa darasa la saba. Baba yangu alikuwa mfanyabiashara wa ng'ombe. Aliwanunua huko mashariki, Sericho na zaidi, wakatembezwa mpaka Isiolo, na hapa wakazuiliwa karantini hadi serikali iridhike kwamba hawana ugonjwa, ndipo walipopakiwa kwenye malori kwenda kuuzwa. Kazi yangu baada ya shule ilikuwa kumpelekea baba chai. Birika lilifika likiwa limepoa kila siku, kwa sababu nilisimama kwanza pale kwenye njia nyembamba ya mbao ambamo ng'ombe walipitishwa mmoja mmoja. Daktari wa mifugo alikuwa hapo na sindano yake, akiwatoa damu shingoni na kuitia kwenye chupa ndogo. Nilizitamani zile chupa kuliko wasichana wengine walivyotamani bangili.

Siku moja akanipa nizishike. Ng'ombe mmoja akapiga teke, mbao zikalia, wanaume wawili wakaruka nyuma. Mimi sikuruka, nilikuwa nimeshika chupa.

"Wewe huogopi?" daktari akaniuliza.

"Huyo anaogopa kuliko mimi," nikasema.

Akacheka. "Soma basi, uje unipumzishe."

Jioni nilimwambia baba. Sisi Waborana baba tunamwita Abo. "Abo, nitakuwa daktari wa ng'ombe."

"Na ng'ombe zangu utatibu bure?"

"Bure."

"Basi soma." Akamwambia mama aniongeze maziwa. Nasema hivi ili mtu asije akadhani baba yangu alikuwa mmoja wa wale waliochukia msichana kusoma. Hakuwa hivyo. Alinilipia karo, alinitetea kwa wazee wenzake walipomcheka, na sare yangu aliinunua mwenyewe, kubwa kupita kiasi, ili nikue ndani yake.

Rafiki yangu wa dawati alikuwa binti wa mwenye lori. Wao walikuwa wa zile familia za Kisomali ambazo babu zao walikuja kama askari wa Mwingereza wakabaki hapa, na sasa walifanya biashara ya kusafirisha. Huyo msichana alikuwa mwoga wa mbuzi. Mbuzi! Akimwona beberu njiani alivuka barabara. Alitaka kazi ya ofisi yenye feni, kiti cha kuzunguka, na kucha ndefu. Nilimtania kwamba atapiga taipu na kucha, akaniambia kwamba mimi nitaolewa na kinyesi cha ng'ombe.

Muhula wa pili mwalimu wetu akatuambia tuchague shule za sekondari. Sisi wasichana wawili, kwa alama zetu, alitupa mbili za kufikiria, zote za bweni kule juu Meru. Moja ilikuwa na kilimo na sayansi. Nyingine ilikuwa na upishi, ushonaji na taipu. "Shule utakayochagua ndiyo kazi yako," alisema, "kwa hiyo fikirini vizuri." Tulipewa mpaka Jumatatu. Mimi ya kwanza, rafiki yangu ya pili. Jambo lilikuwa wazi kama mchana.

Jumamosi lori la baba yake lilikuwa linapeleka kondoo Meru, baba yangu akasema twende tukaione hiyo shule kwa macho. Tulibanana mbele, wazee wawili na wasichana wawili, kondoo nyuma wakilia. Lori lilipanda, baridi ikaingia, udongo ukawa mwekundu. Tulifika getini pa shule ya kilimo kama saa nne.

Wasichana walikuwa shambani. Walikuwa wamejipanga mistari, sketi zimekunjwa na kufungwa kiunoni, migongo imeinama, majembe yanapanda na kushuka. Nakumbuka sauti ya majembe yale kwenye ule udongo laini.

Ni lazima nieleze jembe kwetu lilikuwa nini. Ndugu yake baba, tumbo moja, alikuwa amepoteza ng'ombe wote katika miaka mibaya, akaenda kulima mashamba ya kumwagilia kule Rapsu. Alikuwa akivuna vizuri tu, alituletea mahindi na vitunguu. Lakini baba alipomtaja alishusha sauti, kama mtu anayemtaja marehemu. Kwetu mtu alishika jembe alipokuwa ameishiwa. Mwenye hata fahali mmoja hakulishika.

Baba alisimama getini, mkono kwenye chuma, akitazama. Bawabu, mzee wa Kimeru mwenye koti kubwa, akaona nafasi ya kututania.

"Mzee wa ngamia, umeleta mfanyakazi? Hako kamkono kataweza jembe?"

"Mimi nimeleta mwanafunzi," baba akasema.

"Hao ni wanafunzi!" Bawabu akaonyesha mistari ile. "Hapa asiyechimba hali."

Baba yake rafiki yangu akaangua kicheko mpaka akashika mlango wa lori. "Wallahi hii ndiyo shule ya huyu wangu! Achimbe kidogo, mdomo upungue."

"Aabe, mimi sitaki!" rafiki yangu akamlilia baba yake.

"Nyamaza. Umeshachagua."

Na baba yangu? Aligeuka. Uso wake ulikuwa umefunga. "Sikuuza ng'ombe ili binti yangu ainamie udongo wa watu," akasema. "Twende kule kwingine."

Hatukuingia. Hilo ndilo linaloniuma hata leo. Nyuma ya madarasa yale, ambako kutoka getini hukuona, kulikuwa na zizi la ng'ombe wa maziwa, na josho, na chumba chenye chupa za damu kwenye rafu. Wasichana waliolima asubuhi walijifunza kuchanja mchana. Bawabu angeweza kutuambia, lakini alikuwa anafurahia mzaha wake, na sisi hatukuuliza. Baba, ambaye hakununua fahali bila kumzunguka mara tatu na kumfungua mdomo, shule aliihukumu akiwa nje ya geti.

Kule kwingine wasichana walikuwa wameketi kwenye baraza, safi, wakishona vitambaa vya meza. Mkuu wa shule alitupa chai na keki. Baba alikula vipande viwili. "Hapa," akasema. Jumatatu nilimwambia mwalimu hivyo hivyo, na nilipofika kwenye dawati rafiki yangu alikuwa amelaza kichwa chini, analia kwa sababu ya jembe. Mimi nilikuwa bado nadhani udaktari ni udaktari, utanifikia popote nitakapokuwa.

Kidato cha kwanza tulifundishwa sayansi kidogo ya ubaoni. Kidato cha pili hata hiyo ikaondolewa, masaa yake yakachukuliwa na upishi. Nilikwenda kwa mkuu wa shule nikamwuliza nitasoma lini biolojia.

"Hapa hatuna maabara," akasema. "Hukujua?"

"Basi nihamishwe."

"Nafasi za kule zimejaa. Na wewe ulichagua mwenyewe."

Nilijifunza kupiga taipu bila kuangalia vidole. Nilijifunza kutengeneza keki, mimi ninayetoka katika nyumba isiyo na jiko la mkaa lenye mfuniko, wala oveni. Nilifaulu. Usiniulize kama nilifaulu, nilikuwa wa pili darasani. Nilipomaliza kidato cha nne nilibeba cheti changu mpaka ofisi ya mifugo hapa mjini, walikuwa wanatafuta vijana wa kupelekwa mafunzo ya afya ya wanyama, na walitaka hasa wanaojua lugha za huku. Nilizungumza Kiborana, Kiswahili, Kisomali cha sokoni. Afisa alifurahi. Alifungua cheti, akatembeza kidole, akarudia tena.

"Biolojia iko wapi?"

"Sikufundishwa."

"Kemia?"

"Sikufundishwa."

Akanirudishia. "Dada yangu, ng'ombe ya homa nitaipa keki?" Vijana wenzake wakacheka. "Si ulichagua mwenyewe?"

Niliolewa mwaka uliofuata. Mume wangu ni mtu mwema, ana duka, sina neno naye. Nikazaa binti, huyu wa ngamia. Halafu ukaja ule ukame wa kati ya miaka hii ya themanini, ambao hakuna mtu wa hapa anayehitaji kukumbushwa. Harufu ilifika mpaka mjini. Ng'ombe wa baba waliobaki walikuwa mifupa na homa ikawaingia. Asubuhi moja nilikuwa kwake, mtoto mgongoni, gari la serikali likasimama. Akashuka mwanamke mwenye buti za mpira na koti la kaki, buibui amelikunja kiunoni, kisanduku cha dawa mkononi.

"Abaayo!" akaniita, kwao ndivyo mtu anavyomwita dada. "Unaniangalia kama mzuka?"

Alikuwa yeye, mwoga wa mbuzi. Alimshika ndama pua, akamgeuza kichwa, sindano ikaingia na kutoka kabla ndama hajajua.

"Na feni?" nikamwuliza, nikijaribu mzaha. "Na kiti cha kuzunguka?"

"Niache wewe! Mwaka mzima wa kwanza nililia. Halafu wakanipeleka kwenye zizi, ng'ombe alikuwa anazaa, mtoto amekwama, mwalimu akaniambia tia mkono." Akaangalia mkono wake. "Tangu siku hiyo sikulia tena. Unajua nilikuwa nakuwaza? Nilisema, hapa angekuwa yeye, si mimi."

Hakusema kwa ubaya. Nilimshikia ng'ombe wale waliobaki, mmoja baada ya mwingine, na yeye akawachoma. Baba aliketi kwenye kivuli cha ukuta akitutazama wote wawili.

Kwa hiyo mtu akisimama mbele yangu akaniambia mtoto achague kazi kabla ya sekondari, nitamwuliza, nani anachagua? Wapo wanaojibu kwamba mtoto wa umri ule hajui anachotaka, na hao pia wananiudhi. Nilijua. Nilijua kama mtu anavyojua kiu. Mwenzangu hakujua, akaangukia kwenye kazi aliyoikimbia, akaipenda. Sasa mwalimu atuchukue sisi wawili atafute kanuni. Mimi naona tulichohitaji wote wawili ni kitu kimoja, shule yenye maabara na jiko na shamba, na mtu wa kutuuliza tena tukiwa kidato cha tatu. Wanasema mfumo huu mpya wa elimu, ulioanza baada ya ule ukame, utafundisha kila mtoto kila kitu. Nitaamini nikiona vifaa. Lakini neno "ulichagua mwenyewe" lisitamkwe mbele ya binti yangu. Mtoto wa darasa la saba hachagui mwenyewe. Anachagua na hofu za baba yake, na mzaha wa bawabu, na Jumatatu iliyokaribia.

Wiki mbili baada ya ule mkutano baba alikuja kwangu akivuta ng'ombe kwa kamba. Amezeeka. Rafiki yangu alikuwa amehamishiwa Sericho, na mgeni aliyeletwa mahali pake alikuwa na foleni ndefu.

"Hii iko na nini?" akaniuliza.

Nilimzunguka. Shingo ameinyosha mbele, miguu ya mbele ameitanua, anapumua kwa kuguna. Ingeweza kuwa sombesa, ule ugonjwa wa mapafu unaomaliza boma zima. Ingeweza kuwa kifua tu cha baridi. Tofauti iko ndani, mahali ambapo macho yangu hayafiki.

"Sijui, Abo."

"Wewe? Uliyekuwa ukisimama kwenye zile mbao mpaka chai inapoa?"

"Nilisimama. Kisha ukanipeleka kupika."

Alishika nundu ya yule ng'ombe kama anayepima kitu. "Ungesema," akasema.

"Nilikuwa mtoto."

"Ungesema hata hivyo."

"Na ningesema pale getini, Abo, ungeingia?"

Baba yangu si mwongo. Ng'ombe alikohoa kati yetu.

"Hapana," akasema. "Nilikuwa nimeshaona aibu."

Nilitaka kupiga kelele, na sikujua nimpigie nani. Nikamwambia amtenge na wengine, ampeleke ofisini, apange foleni kama watu. Akavuta kamba. Ng'ombe hakutaka kutembea, basi nikapita nyuma nikamsukuma, kiganja kwenye mbavu, nikiisikia ile pumzi ikikwaruza ndani bila kujua inaniambia nini.