Mdomo wa Birika

Fundi lehemu wa nyuma ya soko hashiki chombo chako kabla hajakihoji. Hukigonga kwa ukucha wa dole gumba, akasikiliza, kisha akauliza lile lile la siku zote: "Hiki kinakaa motoni?" Vidole vyake vimejaa makovu ya kuungua, naye huvipuliza hata vikiwa baridi. Lehemu inapoanza kulegea na kung'aa, humweleza kila mteja: "Neno hili, lehemu, tumelitoa kwa Waarabu. Kwao lina undugu na nyama, na kidonda kinapofunga. Ila kidonda changu mimi, mwanangu, kikizidiwa na moto hufunguka tena."

Nilimpelekea birika la mama, mdomo umebanduka. Akauliza swali lake. Nikamwambia linakaa motoni, lakini halikosi maji. Akasita, chuma kinafuka moshi mkononi. "Na mama bado anakumbuka kuzima jiko?" Nikajibu upesi mno kwamba anakumbuka. Aliunga taratibu, akafuta kingo kwa kitambaa, akanikabidhi birika kwa mikono miwili. "Maji yakikauka, lehemu itayeyuka kwanza, mdomo uanguke. Ukisikia kishindo usiulize, kimbia." Birika halivuji hata tone. Ila tangu siku hiyo naoga mlango nusu wazi, na kijiko tu kikianguka jikoni najikuta nimeshafika, povu mwili mzima, mama ananitazama kwa huruma na kuniuliza nani ananikimbiza.