Maziwa Yenye Iliki

Sisi watu wa Ujiji mkate wa mayai tunautia iliki, na ukimwambia mtu wa kwetu kwamba kuna namna nyingine, atakutazama kana kwamba umemtukania ukoo. Slesi unazichovya kwenye mayai yaliyopigwa pamoja na maziwa, sukari kidogo na iliki iliyotwangwa, halafu kikaangoni. Jirani yetu Mrundi alitia chumvi, kitunguu na pilipili, akala na chai ya rangi, na mama yangu hakuacha kumtania kwamba huo ni mchuzi uliokosa nyama. Ukubwani nimekula wa mdalasini Dar es Salaam, nimekula wa asali kwa wenyewe wanaojiita wastaarabu, na yote ilishuka vizuri. Wa Kikongo nimeula mara moja tu, kipande kilichobaki sahanini, na huo ndio unaonisumbua mpaka leo.

Ilikuwa miaka ile ya wakimbizi, maboti yakishusha watu kutoka Kongo kila siku. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Mama alikwenda mwaloni kununua dagaa, akarudi na mtoto wa kike wa miaka mitatu hivi. Bibi aliyevuka naye ziwa alikuwa amefia hospitalini, na kabla ya kufa alisema hamjui mtoto yule, alimwokota tu kwenye msongamano wa watu ng'ambo ya pili. Ukimuuliza jina alijibu Bebe, jina ambalo nusu ya watoto wa kule huitwa nyumbani kwao. Mimi sikuwa na ndugu wa tumbo moja. Wiki haikuisha nikawa nimeshaamua kwamba huyu ni wangu.

Alikula kila tulichompa isipokuwa mkate wa mayai. Aliunusa, akasukuma sahani, akasema, "Haiko ya mama hii." Kidogo kidogo akatueleza huo wa mama yake ulivyokuwa: mkate mkavu wa juzi, unaogeshwa kwanza kwenye maziwa, ndipo unapakwa yai, na mwisho sukari inamwagwa kikaangoni mpaka inalia. Mama alicheka, sukari gani hiyo inayolia. Siku moja mama yuko sokoni Mwanga nikaupika wetu ule ule bila iliki. Mtoto akamaliza slesi mbili. Basi nikajua kinachomkimbiza ni iliki, na sikumwambia mtu. Nilifurahi tu kuwa na siri na mdogo wangu.

Habari za mtoto zilifika kambini, kule mbele ya Kidahwe, na wanawake wakaanza kuja. Wawili wa kwanza walimtazama, wakalia, wakasema siye. Mama akawa na hofu, maana kulikuwa na maneno kwamba wapo wanaochukua watoto wasio wao. Alisema hatamtoa kwa machozi peke yake.

Wa tatu alikuja asubuhi, zaidi ya mwaka na nusu tangu mtoto aje kwetu. Nilimwamkia shikamoo, akasita, akajibu marahaba polepole. Alikuwa amekonda, kichwa kimenyolewa kwa ajili ya ugonjwa, na mtoto alipomwona akajificha nyuma ya kanga ya mama. Yule mama hakumvuta. Alichuchumaa mbali kidogo, akamtazama sana, akasema, "Mutoto wangu alikuwa napenda mukate ya mayai." Mama yangu alishtuka. Akasema, "Haya, mwenzangu, mpikie. Akiujua, ni wako."

Nikatumwa jikoni nimpe mgeni kila anachotaka. Aliomba mkate wa juzi, ule ule mtoto aliotueleza. Akaomba maziwa. Kwenye kidumu kulikuwa na maziwa mabichi, yameletwa asubuhi ile. Kwenye sufuria kulikuwa na ya jana, mama alikwisha kuyachemsha na iliki kama desturi yetu. Nilisimama kati ya kidumu na sufuria, nikijua kabisa ninachofanya. Nikamletea sufuria.

Aliinama kuyamimina, akanusa. Akanyanyua macho akanitazama, na mimi nikatazama mlangoni. Angeweza kusema, binti, niletee mengine. Hakusema. Alikuja kuomba mtoto katika nyumba ya watu, akaona haya kuwachagulia maziwa. "Aksanti," aliniambia, akaogesha mkate.

Sukari ikalia kweli kikaangoni. Mtoto akaitoa shingo nyuma ya kanga. Akaja mwenyewe, hatua kwa hatua, akasimama karibu na goti la yule mama, akafungua kinywa. Alitafuna mara moja. Akatema kiganjani, akarudi mbio kwa mama yangu. "Haiko ya mama."

Yule mama hakubisha. Aliosha kikaango, akakifuta, akakirudisha palepale alipokikuta. Mama yangu alimsindikiza mpaka barazani akimpa pole, na mimi nikabaki jikoni nikala kile kipande kilichobaki. Kilikuwa kitamu. Kilinuka nyumba yetu.

Mwaka uliofuata mdogo wangu akaanza kula mkate wetu wa iliki kama sisi, hata akawa anadai iliki iongezwe. Mama alisema mtoto sasa amekuwa wa Ujiji. Nilikuwa nikimwona anatafuna, na yule mama wa kichwa cha kunyolewa ananijia, ameinamia sufuria. Wakati mwingine nilijiambia kwamba huenda hakuwa mama yake kweli. Sijui. Nilihakikisha kwamba hakuna atakayejua.

Mama alipofariki, nami nimetimiza miaka ishirini, nikapanda gari la Kasulu nikashuka kambini. Mtaa wake nilikuwa nimeukariri siku ile akimtajia mama. Nilimkuta jirani yake anaanika mihogo, nikamweleza ninayemtafuta.

"Alirudia Kongo," alisema. "Muda murefu."

Nikamuuliza kama alipata mtoto wake.

"Mutoto alikufa, dada. Alitoka kumutafuta kule Ujiji, akarudi akatuambia, sasa nimeamini amekufa. Tukakaa matanga naye, siku tatu. Tulimulia sana ule mutoto."

Siku tatu. Siku hizo mdogo wangu alikuwa kwetu, anacheza rede na mimi uani, anashiba, analala mgongoni mwangu. Nilitaka kumwambia yule jirani kwamba marehemu wao yu hai na ndiye aliyenisuka nywele hizi jana. Badala yake nikamshukuru, nikaondoka.

Nilimkuta mdogo wangu kibarazani anachambua mchele.

"Dada, umetoka wapi na vumbi lote hilo?"

"Kidahwe. Nilifuata mihogo."

Akatazama mikono yangu mitupu. "Iko wapi?"

"Nimekuta imeisha."

Akacheka, akanipisha kwenye mkeka, akanigawia mchele nusu nichambue naye. Nikakaa, nikachambua. Sijamwambia hadi leo.