Mlango Nyuma ya Mtahiniwa

Seline Odera hakuwa mtu wa kuchezewa. Katika chuo kimoja kilichopanga ghorofa katikati ya mji wa Eldoret, juu ya duka la dawa za mifugo, yeye ndiye aliyesimamia kozi zote za mtandaoni, na wanafunzi walimwita Afande. Jina hilo alilijua na lilimpendeza. Baba yake, mwalimu mkuu huko Bondo, alimchapa kiboko mpaka akashika namba moja, na Seline, aliyebaki na kovu shingoni, aliamini kabisa kwamba bila kiboko asingefika popote. Mtandaoni huwezi kumchapa mtu, kwa hivyo alitafuta njia nyingine ya kuwaumiza.

Aliipata kwenye mitihani. Wizi ulikuwa umezidi. Watu walikuwa wakificha binamu zao nyuma ya pazia wawasomee majibu. Seline akaweka sheria zake. Kila mtahiniwa akae peke yake chumbani, simu aizime, kamera na kipaza sauti viwe wazi, na mgongo wake uelekee mlangoni ili msimamizi amwone kila anayeingia. Anayeondoka kitini amefeli, iwe kwa sababu gani. Muhula uliopita mama mmoja wa Kesses aliinuka kumdaka mtoto wake aliyekuwa akianguka kitandani. Seline alimfelisha, kisha akawatangazia wengine wote habari hiyo ili iwaingie.

Basi ikafika asubuhi ya mtihani wa mwisho wa ualimu. Seline alikaa ofisini na Wesonga, fundi wa mitambo, wakitazama nyuso za watahiniwa zilizojipanga kwenye kioo cha kompyuta. Miongoni mwao alikuwa Jemutai wa Ainabkoi, aliyefundisha watoto wa chekechea bila cheti na ambaye karatasi hiyo ingemfanya mwalimu kamili. Mumewe, Kipkoech, alilima viazi, na alikuwa amesema wazi kwamba hataki mke aliyemzidi masomo. Mara mbili Jemutai alikuwa amewasilisha kazi kwa kuchelewa, na darasani akaonekana na uso uliovimba. Seline aliuona uvimbe ule, na bado akamkata alama za kuchelewa.

Mtihani ulikuwa haujafika nusu mlango wa Jemutai ulipoanza kugongwa. Sauti ya Kipkoech ilisikika ikimwita kwa matusi. Jemutai akaendelea kuandika. Komeo likaanza kung'oka, nayo mapigo yakawafikia watahiniwa wote, maana vipaza sauti vyote vilikuwa wazi kama Seline alivyotaka.

Seline alimwambia atoke kupitia dirishani, tena haraka. Jemutai aliinua macho kwa hofu.

"Sijamaliza, Madam," akasema. "Nimebakisha maswali mawili."

Seline akapaza sauti kwamba mtihani wa Jemutai umefutwa, akimbie. Jemutai alipoanza kuinuka mlango ulishavunjika. Kipkoech aliingia na mpini wa jembe, akampiga begani, akampiga tena alipoanguka. Mfupa ulisikika ukivunjika. Seline aligonga meza kwa ngumi mbili akimwamuru aache, lakini kwa Kipkoech sauti ile ilikuwa kelele ya mashine tu.

Wesonga alikuwa ametafuta namba ambayo Jemutai aliandikisha kuwa ipigwe akipatwa na shida. Akaipiga. Simu ikalia ndani ya koti la Kipkoech. Jemutai hakuwa na mtu mwingine wa kumwandikisha, maskini.

Kipkoech akasimama, akaitoa simu na kuipokea kwa adabu, mpini ukiwa mkononi. Seline alimnyang'anya Wesonga ile ya kwake, akasema yeye ni mwalimu wa Jemutai na anamwona, na polisi wataitwa.

"Pole, Madam," Kipkoech akajibu huku akihema. "Hii ni maneno ya boma yangu."

Seline aliendelea kumsemesha. Alimwuliza habari za mvua, za viazi, chochote kile, kwa sababu nyuma ya Kipkoech, Jemutai alikuwa akitambaa kuelekea mlangoni, mkono mmoja ukiburuzika. Wesonga naye alikuwa pembeni akimpigia chifu kwa simu ya ofisi. Jemutai alikaribia kizingiti. Kipkoech akageuka, akaona, akaiachia simu sakafuni. Alimpiga kichwani mara nyingi, hata baada ya kuwa hakuna haja tena, kisha akatoka nje.

Seline alilia kwa sauti. Aliwauliza watahiniwa kama kuna yeyote aliye karibu na Ainabkoi. Hapo ndipo alipowatazama. Wote walikuwa vitini mwao. Wengine walikuwa wakilia, mikono juu ya meza, na hakuna hata mmoja aliyekuwa ametoka mbele ya kamera. Mwanamke anayeitwa Jerop akainua mkono kama wanavyofanya darasani. Alisema yeye na Jemutai wametenganishwa na ua tu.

Seline akamwambia aende. Haukupita muda Jerop akaonekana kwenye kamera ya Jemutai, akihema. Alipiga magoti, akaweka sikio kifuani mwa mwenzake na kusikiliza sana. Kisha akavua leso yake, akamfunika Jemutai mpaka usoni.

"Jerop," Seline akasema, "ulisikia tangu mwanzo?"

"Nilisikia tangu aanze kugonga mlango, Madam. Kwako kwa kompyuta, na pia kwa dirisha yangu."

"Mbona hukwenda?"

Jerop aliitazama kamera, macho yamemtoka. Hakujibu kwa ukali. Alijibu kama mwanafunzi aliyeulizwa swali analolijua.

"Si ulisema mtu akitoka kwa kiti amefeli?"